Arabuni Imekwisha Kulipwa

Somo: 2 Wakorintho 1:15–22, 2 Wakorintho 5:1–5, Waefeso 1:13–14



Panda matatu pale Githurai, ushike barabara kuu ya Thika, utazame dirishani mpaka ufike Makongeni. Kuna neno utakalolisoma mara nyingi kuliko jina la Yesu. Limeandikwa kwenye mabango, kwenye kuta, kwenye vibati vilivyogongomewa mitini na kwenye fulana za vijana wanaogawa karatasi njiani: ploti. Ploti zinauzwa Kamakis, zinauzwa Murera, zinauzwa Juja Farm, zinauzwa Gatuanyaga na Ngoliba. Mashamba ambamo nyanya zetu walichuma kahawa kwa debe yamekatwa vipande vya futi 50 kwa 100, na jiwe la mpaka limesimama pale palipokuwa na mbuni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, ukawa mji wa nne nchini nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika ilihesabiwa watu 251,407. Bisha hodi mlango kwa mlango, utakuta wapangaji wanaolala na kuamka na ombi moja: Baba, nipe nami pahali pangu. Hata jina la mtaa mmoja wa Thika linasimulia kiu hiyo. Unaitwa Landless, mtaa wa wasio na ardhi.

Na kila bango, chini ya lile neno kubwa, lina masharti: dipoziti kiasi hiki, salio kwa miezi kadhaa.

Leo nahubiri juu ya hiyo dipoziti, yaani arabuni. Usishtuke. Paulo mtume aliihubiri kabla yangu, tena aliihubiri alipotaka kusema neno zito kuliko yote juu ya Roho Mtakatifu. Nina jambo moja tu la kukuambia, na nitalisema kwa njia nyingi mpaka likuingie: arabuni ya wokovu wako imekwisha kulipwa, na si wewe uliyeilipa.

NENO LILILOKUJA KWA JAHAZI

Neno alilolitumia Paulo kwa Kigiriki ni arrabon. Katika Agano Jipya lote linaonekana mara tatu tu, zote katika nyaraka zake, na zote likimhusu Roho Mtakatifu: 2 Wakorintho 1:22, 2 Wakorintho 5:5 na Waefeso 1:14. Fungua Biblia yako ya Union Version usome mistari hiyo. Utakuta neno arabuni.

Watafsiri hawakulibuni. Walilikuta limekaa pwani yetu tangu zamani, na ni neno lile lile la Paulo. Asili yake si Ugiriki. Ni neno la Kisemiti, ndugu ya erabon ya Kiebrania, na wanaofikiriwa kulifikisha kwa Wagiriki ni Wafoinike, mabaharia wa Tiro na Sidoni, waliolishusha bandarini pamoja na shehena zao. Warumi wakalifupisha likawa arra, na Mfaransa wa leo angali anasema arrhes anapotanguliza pesa za chumba. Waarabu nao wakawa nalo, wanazuoni wa Kiislamu wakajadiliana karne nyingi kama ni halali muuzaji kuila arabuni mnunuzi akighairi. Kisha majahazi yaliyosukumwa na kaskazi yakalileta Lamu, Mombasa na Unguja.

Kwa hiyo usimwogope mhubiri anayekuja na maneno ya Kigiriki kama mganga na tunguri zake. Neno hili ni lako tayari. Mwagize kitanda seremala wa Thika, atakuambia, "Weka kitu kidogo nikanunue mbao." Hicho kitu kidogo ndicho arrabon. Paulo naye alikuwa fundi. Matendo 18:3 yatuambia alishona mahema huko Korintho pamoja na Akila na Prisila, na fundi anayeishi kwa kazi ya mikono yake hahitaji kufundishwa arabuni ni nini.

MTEGA PANYA NA MASHINE ZA ZEITUNI

Mchanga mkavu wa Misri umetutunzia maelfu ya maandishi ya mafunjo kutoka nyakati za mitume: barua za nyumbani, mikataba na hesabu za duka. Kule Oxyrhynchus, ambako Waingereza Grenfell na Hunt walianza kuchimba mwishoni mwa 1896, ilipatikana barua ya karne ya kwanza ya mtu aliyemlipa mtega panya, Lampon kwa jina, arabuni ya drakma 8 ili awanase panya wakiwa bado na mimba. Katika waraka mwingine wa Misri, mwanamke anauza ng'ombe na kupokea drakma 1,000, nazo zinaitwa arabuni. Unaona neno hili lilikaa wapi? Halikukaa hekaluni. Lilikaa sokoni, penye samadi ya ng'ombe na mitego ya panya, na Roho wa Mungu hakuona haya kuitwa kwa jina hilo.

Mwanafalsafa Aristotle anasimulia habari za Thales wa Mileto. Watu walimdharau Thales kwa umaskini wake, wakisema elimu haijazi tumbo. Yeye akasoma dalili za nyota akaona mavuno ya zeituni yatakuwa makubwa. Basi kungali baridi, hakuna aliyewaza habari za mavuno, akachukua vijisenti alivyokuwa navyo akaviweka arabuni kwenye mashine zote za kukamulia zeituni za Mileto na kisiwa cha Kio. Mavuno yalipofurika, kila mwenye zeituni alilazimika kumjia yeye. Pesa kidogo zilizowekwa mapema na mtu mwenye hakika ya mavuno ndizo zilizofunga mlango kwa wengine wote.

Weka picha hizo mbili moyoni. Arabuni humfunga fundi kwa kazi aliyoahidi, na kitu kilichowekewa arabuni hakiuzwi tena kwa mwingine.

SI DIPOZITI YA NYUMBA

Lakini hapa tusiteleze, maana sisi wa Ruiru tunazijua dipoziti za aina mbili.

Unapopanga chumba, mwenye nyumba hudai kodi ya mwezi pamoja na dipoziti. Hiyo ya pili si sehemu ya kodi. Anaishika tu hadi siku utakapohama. Akikuta kitasa hakijavunjika na ukuta umepakwa rangi upya, anakurudishia. Kiswahili huiita dhamana ya namna hiyo, inayorudishwa, rehani. Yuda alipomwachia Tamari pete yake ya muhuri, kamba na fimbo katika Mwanzo 38, Kiebrania chatumia neno erabon, na Wayahudi wa Aleksandria walioanza kuitafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 kabla ya Kristo waliandika arrabon. Biblia yetu inasema rehani, na inasema sawa, maana Yuda alikusudia kuvikomboa vitu vyake kwa mwana-mbuzi.

Dipoziti ya ploti ni kitu kingine. Ukitanguliza shilingi laki moja kwa ploti ya milioni moja, laki ile ni ploti tayari. Imeingia katika bei, hairudi mfukoni mwako, na kilichosalia ni laki tisa. Pesa ni ile ile, noti ni zile zile, tofauti ni kiasi tu. Hiyo ndiyo arabuni ya masoko ya siku za Paulo.

Ndugu yangu, Roho Mtakatifu si dipoziti ya nyumba! Mungu hakukupa Roho ili siku moja aje na daftari, akague kuta za moyo wako, kisha amchukue na kukuaga mlangoni. Amekupa Roho kama sehemu ya urithi wenyewe. Mbingu imekwisha kuanza kulipwa ndani yako.

JAMBO LA KWANZA: ALIYELIPA NI MUNGU

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa kanisa letu, muuza mboga, alinijia baada ya ibada. Alifungua zipu ya kava la Biblia yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa risiti, nakala ya waridi, maandishi ya kaboni yamefifia kwenye mikunjo, muhuri wa duara umegongwa pembeni ukiwa umeinama. Ilikuwa risiti ya dipoziti ya ploti. Waliompa walikuwa wamehama ofisi. Simu zao hazikupokelewa. Alipokwenda shambani alikutana na watu wengine watatu, kila mmoja na risiti yake, na risiti zote zina namba ile ile ya ploti. Hakuniomba pesa. Aliniomba niiwekee mikono ile risiti, niiombee.

Niliiombea. Usiku sikulala. Nilikumbuka kwamba Jumapili mbili kabla ya hapo mimi mwenyewe nilisimama madhabahuni nikawaambia watu walete bahasha: andika hitaji lako juu, tanguliza mbegu yako ndani, Mungu atamalizia. Mama yule alileta yake. Juu yake alikuwa ameandika neno moja tu: ploti. Basi alikuwa ametoa dipoziti mbili kwa ajili ya kipande kimoja cha ardhi. Ya kwanza aliipokea tapeli, na ya pili aliipokea mchungaji wake.

Wapendwa, niliifungua Biblia usiku ule nikasoma 2 Wakorintho 1:21–22 na machozi yakanitoka. Kuna vitenzi vinne katika mistari ile miwili. Kuna anayetufanya imara, anayetutia mafuta, anayetutia muhuri na anayetupa arabuni. Ni nani? Ni Mungu, mara nne. Sisi hatuna kitenzi hata kimoja. Sisi ni mikono iliyofunguliwa tu. Nami nilikuwa nimeigeuza Injili miguu juu, nikamfanya muuza mboga awe mlipaji na Mungu awe muuzaji anayengoja kuona rangi ya pesa.

Simoni mchawi wa Samaria alitaka jambo hilo hilo. Katika Matendo 8 aliwaletea mitume fedha ili apate uwezo wa kuwapa watu Roho. Alitaka kuinunua Arabuni yenyewe! Petro hakumwambia aongeze. Alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Na sisi tunaopokea bahasha za watu kwa ahadi ya muujiza, tunadhani Petro angetuambia nini?

Tazama pia lile neno la kwanza, kufanya imara. Kwa Kigiriki ni bebaioo, nalo ni neno la mikataba. Katika hati za mauzo za wakati ule, muuzaji aliahidi bebaiosis, maana yake kwamba akitokea mtu wa tatu kudai ile mali, muuzaji mwenyewe atasimama kumtetea mnunuzi. Sisi wa Thika tunajua thamani ya neno hilo! Tunajua uchungu wa kujenga hadi linta, kisha anatokea mtu na taito nyingine na tingatinga nyuma yake. Mungu anasema: mdai wa tatu akija, nitasimama mimi. Shetani akija na mafaili yake ya zamani, akifungua ukurasa wa dhambi zako za 1998, si wewe utakayejibu.

Na sasa shika hili kwa mikono miwili. Sheria ya Kaizari Justiniano, katika karne ya 6, ilikusanya desturi za arabuni za zamani ikasema hivi: mnunuzi akighairi, anaipoteza arabuni yake, muuzaji akighairi, anarudisha maradufu. Mlipaji anayevunja neno huacha nyuma kile alichotanguliza. Basi Mungu akighairi wokovu wako angepoteza nini? Angempoteza Roho wake mwenyewe. Angelazimika kujiacha, aache kuwa Mungu. Je, hilo litatokea? Haliwezekani! Ndiyo sababu ninaandika kwa nguvu hivi. Usalama wako haukusimama juu ya ukubwa wa imani yako wala juu ya unene wa bahasha yako. Umesimama juu ya kitu ambacho Mungu hawezi kukubali kukipoteza.

JAMBO LA PILI: KIONJO NI CHA MLO WENYEWE

Paulo ana neno jingine linalotembea bega kwa bega na arabuni. Katika Warumi 8:23 anamwita Roho limbuko, kwa Kigiriki aparche, lile tunda la kwanza. Hapa Ruiru, mahali pa kituo cha utafiti wa kahawa, ambako mwaka 1985 ilitolewa mbegu ya Ruiru 11 inayostahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, mkulima anaelewa limbuko bila tafsiri. Mche unakaa takriban miaka miwili bila kukupa kitu. Unapalilia, unaweka mbolea, jirani anakuuliza kama unapanda maua. Kisha asubuhi moja unaona tunda moja jekundu katikati ya majani. Halijazi hata kiganja. Lakini ukilitia ulimi, utamu wake ni ule ule utakaojaza magunia. Tunda la kwanza halina ladha tofauti na mavuno.

Hivyo ndivyo alivyo Roho ndani yako. Umewahi kumsamehe mtu uliyeapa hutamsamehe, ukashangaa uzito umekwenda wapi? Hiyo ni mbingu. Umewahi kuketi matangani Kiandutu, mvua inapiga mabati, chakula hakitoshi, na bado mkaimba mpaka mfiwa akainua kichwa? Hiyo ni mbingu. Upendo, furaha, amani na uvumilivu ule wa Wagalatia 5 si mazoezi ya kujipatia mbingu. Ni mbingu yenyewe, ya kiasi kidogo, imelipwa mapema.

Lakini ni ya kiasi kidogo, na hapa niseme kweli yote. Wapo wanaohubiri kana kwamba salio nalo limekwisha kulipwa: ukiokoka hutaugua, hutafiwa, hutadaiwa kodi. Paulo hakuhubiri hivyo. Katika 2 Wakorintho 5 anasema tunaugua ndani ya hema hii. Fundi wa mahema anajua hema inavyochakaa: kamba zinalegea, kitambaa kinapauka, upepo unapita. Mwili wako ni hema, ndugu. Sukari inapanda, magoti yanauma, macho yanafifia. Yule baba aliyepanga chumba kimoja miaka kumi na minane, anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi kiwandani, anaugua kweli. Mtume hakumwambia anyamaze. Alimwambia kwamba ipo nyumba isiyofanywa kwa mikono, na katika mstari wa 5 akamtajia arabuni. Kuugua na arabuni vimewekwa katika sura moja kwa kusudi. Aliyeonja ndiye anayeona njaa kweli kweli. Mwenye risiti mkononi ndiye anayeisubiri taito.

Wazee wetu wa Agikuyu hawakusoma Kigiriki, lakini walikuwa na arabuni yao. Kijana alipotaka kuoa, wazee wake walipeleka mwati na harika, kondoo jike na mbuzi jike wachanga, na ikafika siku ya kuhanda ithigi, yaani kupanda tawi nyumbani kwa msichana. Ruracio ilikuwa bado inakuja. Harusi ilikuwa bado iko mbali. Lakini mposaji mwingine akitokea, jibu lilikuwa tayari: tawi limekwisha kupandwa hapa. Mgiriki wa leo akisema arravonas anamaanisha uchumba, maana neno lile la sokoni limehamia kwa wakwe. Pwani husema kishika uchumba.

Kanisa, wewe ni mchumba! Tawi limekwisha kupandwa mlangoni pako. Ulimwengu ukija kukuposa kwa vileo, kwa fedha ya haraka, kwa kamari ya simu inayowamaliza vijana wetu, mwonyeshe tawi. Mwambie: umechelewa, mimi nimekwisha kushikwa.

JAMBO LA TATU: ALIYEPOKEA ARABUNI AWE MTU WA NDIYO

Sasa niwaseme ndugu zangu bila kuficha, maana ninawapenda.

Mnajua kwa nini Paulo alilitaja neno hili kwa Wakorintho? Walikuwa wanamnung'unikia. Aliahidi kuwatembelea, safari ikabadilika, wakasema mtu huyu ndiyo yake ni siyo. Akajibu kwamba ahadi zote za Mungu, hata ziwe nyingi namna gani, katika Kristo ni Ndiyo. Kisha, papo hapo, akataja muhuri na arabuni. Maana yake ni wazi: mtu aliyepokea arabuni ya Mungu wa Ndiyo hawezi kuwa na ulimi wa ndiyo na siyo.

Basi ninauliza, na kila mmoja ajijibu mbele za Mungu. Wale waliouza ploti moja kwa watu wanne walikuwa wanaabudu wapi Jumapili? Broka anayemwambia mjane alipe leo kwa sababu kesho bei itapanda, hali akijua shamba lina kesi, huimba kwaya gani? Ni nani kati yetu aliyepokea dipoziti ya kabati, akaila, na sasa akimwona mwenye pesa stejini anapita njia ya nyuma? Unalia kwa lugha mpya kwenye kesha, na mfukoni una arabuni ya mtu uliyemwonea. Huwezi kuishika Arabuni ya Mungu kwa mkono wa kulia na ya mjane kwa mkono wa kushoto.

Zakayo alipotembelewa na Yesu hakutoa ushuhuda tu. Alitoa pesa, na kama alimdhulumu mtu alirudisha mara nne, Luka 19:8. Rudisha! Huna zote? Nenda na kidogo ulichonacho, useme ukweli, mwandikiane, ulipe kila mwezi. Nitaamini uamsho umefika Ruiru siku nitakaposikia simu za watu zinapokea pesa walizokwisha kukata tamaa nazo.

Nawe unayenunua, imani haikukatazi kufungua macho. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa ardhi uandikwe na utiwe sahihi mbele ya shahidi. Desturi ya mawakili wetu ni asilimia 10 kwanza na salio ndani ya siku 90. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa shilingi. Tembea shambani, uliza majirani, hesabu mawe ya mpaka. Usitoe pesa kwa sababu muuzaji amekuambia naye ameokoka. Mungu mwenyewe hakukuomba umwamini kwa maneno matupu. Alitanguliza arabuni.

WITO

Mpendwa unayesoma karatasi hii kwenye matatu iliyokwama pale Kenyatta Road, au kwenye benchi la zahanati, au kitandani saa saba za usiku ukipiga hesabu ya kodi, sikia. Kabla hujawa na ploti, wewe ulikuwa ploti. Waefeso 1:14 inakuita milki ya Mungu. Ulitazamwa, ukapendwa, ukanunuliwa, wala si kwa fedha na dhahabu, asema Petro, bali kwa damu ya thamani ya Kristo. Mawe ya mpaka yamewekwa. Muhuri umegongwa, wala haukuinama. Yeye aliyeweka arabuni anarudi na salio lote: mwili usiougua, nyumba isiyo na kodi, mji usio na Landless ndani yake.

Kama hujampokea, hatakuuliza una shilingi ngapi. Fungua mkono tu. Mwambie: Baba, nimekuwa nikijaribu kukulipa ili unipende. Nimechoka. Nipe ulichokwisha kukilipia.

Na ile bahasha ya mama muuza mboga? Nilimrudishia. Nilikwenda kwake sokoni siku ya Jumanne, nikamkuta ameinama akifunga mafungu ya sukuma, nikamwambia ukweli kwamba nilimkosea, kwamba Mungu hakuwahi kumdai dipoziti. Alinyamaza muda mrefu. Akajifuta mikono kwenye leso, akafungua bahasha, akahesabu noti moja moja mbele yangu. Ile risiti ya ploti ilikuwa bado kwenye kava la Biblia, na hadi leo ploti haijapatikana. Akatoa noti moja kati ya zile, akanirudishia mkononi.

"Hii irudi kanisani, mchungaji," akasema. "Lakini sasa ni ya shukrani."

Amina.